Maskini wa Kangemi Hajulikani

Pale Kangemi, nyuma ya soko, palikuwa na benchi la ubao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na waliozoea kulikalia waliliita Bunge. Asubuhi moja ya Januari, mwaka 2006, Muasya alifika hapo kutoka zamu ya usiku na hakwenda kulala. Wenzake walimwita Soja, kwa kuwa alilinda lango la nyumba ya mdosi wake, tajiri mmoja wa Spring Valley. Binti yake Kavata alikuwa ameitwa shule ya bweni, na bila basari, msaada wa karo, asingekwenda. Kamati ya basari ilikuwa na desturi yake: mtu hajitaji kuwa maskini, hutajwa na majirani. Mjumbe wao angepita asubuhi hiyo. Muasya akaagiza kahawa, akangoja kutajwa.

— Soja, mbona leo hulali? aliuliza Mwaura, aitwaye Landilodi kwa ajili ya vyumba vyake viwili vya mabati, kimoja akilala humo mwenyewe.

— Usingizi imekataa. Nasikia mtu wa basari anatafuta familia maskini.

— Atatafuta sana, alisema Nzomo, fundi wa redio waliyemwita Waziri. Hapa maskini hakuna. Sisi ni watu wa kati.

— Kati ya nini na nini?

— Kati ya mdosi wako na wale wa vibanda vya kule mtoni. Wahenga walisema asiye na mengi ana machache. Mimi niko na machache. Kwa hivyo mimi si maskini.

— Mdosi wangu pia husema yeye ni wa kati. Ati tajiri ni wale wa Muthaiga. Na mbwa zake hula nyama kuliko mimi.

— Si ni ukweli? alisema Landilodi. Kama hakai Muthaiga, huyo ni mwenzetu.

Waziri akasogea mbele, akashusha sauti.

— Hii Kenya iko na matajiri kumi na maskini kumi. Hao maskini kumi ndio huonyeshwa kwa televisheni kila mwaka, wanabadilishwa shati tu. Mashirika ya wazungu huwalipa mshahara.

— Wakilipwa mshahara, basi hao pia ni wa kati.

— Ndio nasema maskini waliisha. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Waziri, jana usiku ulikula nini? aliuliza Muasya.

— Chai. Mtu wa kati hali usiku. Madaktari wamekataza.

Muasya akaweka kikombe chini.

— Na mtu kama mimi, watoto wanne kwa chumba moja?

— Wewe? Wewe uko na yunifomu na buti. Na si ulituambia Krismasi ukitaka unahamia Kilimani, kwa wenye pesa?

Alikuwa amesema hivyo kweli. Akamtazama Landilodi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Landilodi akageuza uso. Mabati yao yalikuwa mamoja. Kumtaja Soja kungekuwa kujitaja.

Hapo akatokea mama mmoja, viatu vimejaa matope.

— Hamjambo, wazee. Ni Philister, wa kamati ya basari. Natafuta maskini wa hapa. Ni nani?

— Teremka mtoni, mama, alisema Waziri.

— Natoka huko. Wamesema maskini wako huku juu, kwa wazee wa benchi.

Waziri alichungulia kikombe kitupu. Landilodi alikuna goti. Philister akamgeukia Muasya.

— Baba, nipe jina moja tu.

Jina lake mwenyewe lilikuwa mdomoni. Muasya alingoja mwenzake yeyote alitamke, akangoja tena, kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, nzito, ya mtu mwenye heshima zake:

— Jaribu Kibagare, mama. Huko ndiko waliko.

— Asante, baba.

Alipoondoka, Waziri akampiga Muasya begani.

— Umejibu vizuri, Soja. Huyo alitaka kutuaibisha.

Muasya alimwona Philister akifika kwenye kona. Bado angeweza kumwita, naye angesikia.