Maua ya Mgeni Rasmi

Kwenye treni ya asubuhi, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata shada la maua kama mtoto wa jirani: kwa uangalifu, bila mapenzi. Kijana wa pembeni yake, fundi simu, akamuuliza kama anakwenda harusini.

"Harusi gani, mwanangu? Mimi mfagizi wa shule anayosoma binti yangu. Leo yule tajiri wa programu za simu anafungua chumba chetu cha kompyuta, na mwalimu mkuu kaniteua nimkabidhi maua."

"Si ndiye aliyesema watoto wa wafagizi hawana akili ya kompyuta?"

"Huyo huyo. Ndiyo maana nimeteuliwa mimi. Picha itapendeza."

Fundi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Lakini mama, ni miaka tisa sasa. Na aliomba radhi."

"Aliwaomba waandishi wa habari. Wao ndio wafagizi?"

"Haya, akikasirika akaondoka na kompyuta zake? Binti yako atajifunzia wapi?"

Mama akayageuza maua mapajani. Mimi nilijifanya nasoma kitabu, ukurasa ule ule tangu nilipopanda.

"Maua atapata," mama akasema. "Ila kwanza nitamtajia jina langu na la binti yangu, halafu nitasubiri aniombe radhi mimi, mbele ya watoto. Maua nitakuwa bado nimeyashika."

"Na asipoomba?"

Treni ilikuwa inasimama. Mama akainuka, akakung'uta sketi yake.

"Mwanangu, mimi hubeba ndoo za maji kutwa. Maua hayatanichosha."

Akashuka.