Mzee wa Mazinde Hakuniuliza Mimi ni Mtoto wa Nani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena! Wengi mnaokuja hapa mbele mnashukuru kwa vitu mlivyopata. Mimi leo naanza kwa kushukuru kwa gari ambalo sikulinunua.

Kwa wasionifahamu, naitwa Elia, naishi na mama yangu hapahapa Kang'ata. Mama ni yule aliyekaa safu ya pili, mwenye kitenge cha kijani, na tayari ameshaanza kunitolea macho niharakishe. Nina shahada ya ununuzi na ugavi. Yaani nilikaa chuoni miaka mitatu nikifundishwa namna ya kununua vitu bila kuibiwa. Mnaruhusiwa kucheka. Mimi mwenyewe nimeanza kucheka juzijuzi tu.

Niwaambie kwanza nilivyokuwa. Ndugu zangu, nilikuwa mfungwa wa wasiwasi! Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikifika barabarani, narudi tena. Kwenye mitihani nilikuwa nafuta jibu sahihi na kuandika la makosa, kwa sababu lile la kwanza lilinijia haraka mno nikalitilia shaka. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu, bila neno jingine, siku nzima nakosa raha nikijiuliza nimemkosea nini. Tangu nimalize chuo, barua za kuomba kazi nilizopeleka ni chache kuliko zile nilizoandika nikazichana.

Mama akaona nitaozea ndani. Alikuwa na shamba Kwaluguru, ambalo babu alilinunua alipoacha kazi ya mkonge kule Mazinde, akamwachia yeye. Mahindi ya shamba hilo ndiyo yaliyonisomesha. Mama akaliuza. Hakuitisha kikao. Aliuza, akaniwekea hela yote kwenye akaunti yangu, akaniambia, "Tafuta gari ubebe mizigo ya watu. Mimi nimechoka kukuangalia unavyoangalia ukuta."

Hebu fikirini! Kijana anayerudi mara tatu kusukuma mlango, sasa anatembea na shamba la mama yake ndani ya simu. Likipotea, hatuna lingine. Nilikuwa nikilala nimeishika ile simu kifuani.

Nikaanza kutafuta gari mtandaoni. Nilitaka Probox, zile gari ndogo ndefu mnazoziona zikipita na abiria mbele na magunia nyuma. Baada ya wiki kadhaa nikaliona moja jeupe, safi, limepigwa picha kila upande. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Ingekuwa chini sana ningekimbia. Ilikuwa chini kwa kiasi cha kumfanya mtu amshukuru Mungu, na mimi nilimshukuru.

Mwenye gari alijitambulisha kuwa ni Mzee Singano, karani mstaafu wa shamba la mkonge, mkazi wa Mazinde tangu kuzaliwa. Alisema anauza kwa sababu mkewe amelazwa Moshi, na yeye yuko hukohuko anamuuguza. Gari limefungiwa bandani nyumbani, funguo anazo yeye. Kupiga simu haiwezekani, maana wodini wanakataza na sikio lake moja halisikii vizuri. Lakini ujumbe anajibu, tena upesi! Mara mojamoja alinirekodia sauti, sauti ya kizee kabisa, yenye kikohozi. Nikiandika "Shikamoo mzee," ananijibu, "Marahaba mwanangu, Mungu akutunze." Nani angemdhania mabaya?

Hata hivyo mimi ni mimi. Nilifungua daftari nikaandika maswali ishirini na tatu. Niliomba picha ya kadi ya gari, akaleta. Niliomba picha ya namba ya chesi, akaleta. Niliomba kitambulisho chake, akaleta, mzee mwenye mvi na miwani. Mwisho nikajiona mjanja kuliko wote: nikamwomba aandike jina langu kwenye karatasi, mtu aiweke kwenye kioo cha mbele cha gari, apige picha. Ndugu zangu, akaleta! Jina langu, ELIA, kwenye kioo cha gari langu! Nilisahau hata kujiuliza banda lililofungwa limefunguliwa na nani.

Nilikuza ile picha kama ninavyokuza kila kitu. Nikaona gari lina kivuli, mti una kivuli, vifutio vya kioo vina kivuli, karatasi haina, kama vile imebandikwa baadaye juu ya picha. Nikataka kumwuliza. Lakini nikajikemea, "Elia, acha hayo!" Mnakumbuka Jumapili ile nilipokuja hapa mbele mkaniombea niondokewe na wasiwasi? Siku ile, nikiwa nimepiga magoti, nilimwahidi Mungu kwamba jambo litakalofuata nitalifanya kwa imani, bila kujiuliza mara mbili. Niliahidi kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Mungu hakuniomba, mchungaji hakuniomba. Nilijitungia mwenyewe, kisha nikakiita imani.

Na kuna jambo jingine lazima niliungame, ingawa linanitia aibu. Siku zote tisa nilizoongea na mzee yule, mama sikumwambia chochote. Akiniuliza, "Gari vipi?" namjibu, "Nashughulikia." Mama aliishia darasa la saba. Nilijiuliza, angenisaidia nini mimi mwenye shahada? Hicho ndicho kiburi kilichokuwa ndani ya mtu mwoga kama mimi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nimekaa barazani na simu, mama yuko hatua chache anapukuchua mahindi. Mzee akaandika kwamba kuna mteja wa Mombo ameshapanda gari kwenda Moshi na hela taslimu mkononi. "Lakini nimekupenda wewe, mwanangu. Tuma nusu iwe kishika uchumba, namtuma mkwe wangu na funguo, leo hii unaliwasha gari." Nikaingiza namba aliyonipa. Simu ikaniletea jina la mpokeaji, na jina ni la mwanamke. Nikamuuliza. Akajibu, "Ndiye huyo mkwe wangu. Mbona una mashaka hivyo, na wewe ni mtu wa kanisa?"

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma palepale penye kidonda! Nikaandika kiasi. Bado namba ya siri tu. Kidole kilikuwa juu ya kioo.

Mama akasema, bila kuacha mahindi yake, "Wewe, mbona jasho linakutoka na umekaa kivulini?"

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Yaani najua! Ni Mungu! Nikasema, "Mama, nanunua gari. Kwa mzee mmoja wa Mazinde."

"Mazinde?" Mama akageuka. Mama alizaliwa Mazinde, kwenye kambi ya wakata mkonge. "Mzee gani?"

"Mzee Singano. Alikuwa karani."

"Aha. Alisemaje ulipomwambia wewe ni mjukuu wa babu yako?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia? Yeye alipokuuliza wewe ni mtoto wa nani ulimjibu nini?"

Nikafungua daftari, kama vile jibu liko humo. Maswali ishirini na tatu! Nikapandisha mazungumzo yote ya siku tisa, toka mwanzo hadi mwisho. "Mama," nikasema, "hakuniuliza."

Mama aliweka gunzi chini. "Siku ngapi mnaongea?"

"Tisa."

"Elia! Mzee wa Mazinde, ukimwuliza njia ya kwenda stendi tu, kwanza anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Huyo anakuuzia gari zima hajataka kujua hata baba yako yu hai au amekufa? Lete hiyo simu hapa."

Akabonyeza kurekodi. Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. "Shikamoo kaka Singano. Pole kwa kuuguza. Mimi ni mama yake Elia, mtoto wa marehemu Mzee Mhina, mnyapara wa kambi ya juu, yule aliyekuwa na mguu mbaya. Nyumbani kwenu ni upande gani? Pengine tumecheza wote."

Tukasubiri. Mtu wa Mazinde angepiga simu wakati huohuo, hata kama wodi imejaa madaktari! Angesema, "Kumbe wewe ni binti wa Mhina!" Jibu lilikuja kwa maandishi: "Mama hayo tutaongea baadaye. Mteja wa Mombo yuko njiani. Tumeni sasa."

Mama akanirudishia simu. "Huyo hana kwao," akasema, kisha akampigia kaka yake.

Mjomba Ramadhani anaishi Mazinde. Ni Mwislamu, anaswali swala zake tano, na leo namtaja kanisani kwa furaha, maana Mungu alimtumia bila kutuomba ruhusa. Tulimtumia maelezo ya nyumba na lile banda, kama mzee yule alivyonielekeza siku za mwanzo. Haikupita saa nzima akapiga, nikaweka sauti kubwa.

"Nimefika mlipoelekeza," akasema. "Hapa kuna banda, ni kweli. La kuku. Gari likiingia humu, kuku watahamia wapi? Na Singano hapa walikuwa wawili. Mmoja tulimzika. Mwingine ninaye hapa, chombo chake ni baiskeli, tena haina tairi la nyuma. Anasalimia. Anauliza huyo kijana ni mtoto wa nani."

Ndugu zangu! Nilicheka na kulia kwa pamoja!

Nikaandika: "Mzee, mjomba wangu yuko nyumbani kwako na hakuoni." Ikaja sauti. Haikuwa ya kizee tena. Ilikuwa ya kijana wa rika langu, amekasirika kweli: "We mshamba umenipotezea wiki nzima na daftari lako!" Kisha akanizuia nisiweze kumwandikia tena, na lile tangazo nikilitafuta silioni. Lakini mmesikia? Kile kikohozi kilipona palepale, wala hakuna aliyekiombea!

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimebakiza namba nne tu, hela ya shamba la babu ianze kwenda kwa mtu ambaye hata sura yake sijui, na mama abaki na mimi na ukuta wangu. Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza. Alisema tu, "Siku tisa umebeba hili peke yako. Ulikuwa unalala?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi nenda kalale." Nikalala mchana kweupe, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu chuo. Asante Mungu! Asante mama!

Tangu siku hiyo nimewaza sana, maana kuwaza sijaacha, na nimegundua jambo. Maswali yangu yote ishirini na tatu yalikuwa ya karatasi na picha, na karatasi na picha ndivyo vitu ambavyo mwizi anavyo tele. Kile kivuli kilichokosekana, lile jina la mwanamke, huyo mteja wa Mombo asiyefika, yote niliyaona! Mungu alikuwa ananionyesha, nami nilimnyamazisha nikidhani ndiyo imani. Nilifikiri ugonjwa wangu ni wasiwasi. Ugonjwa wangu ulikuwa kuufungia wasiwasi ndani, nikae nao mimi na simu, bila kumwambia mtu anayenipenda.

Sasa nimalizie, mama ameshaangalia saa mara mbili.

Mwezi uliofuata mjomba alisikia kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu, Korogwe mjini, anauza Probox. Tulikwenda watu wanne: mimi, mama, mjomba na fundi. Bibi yule alitukaribisha chai. Kabla sijaliangalia gari, akanitazama usoni akauliza, "Na wewe kijana, ni mtoto wa nani?" Ndugu zangu, nilitokwa machozi mbele ya watu! Bibi wa watu akashtuka, akamwuliza mama, "Nimemkosea nini?" Mama akamwambia, "Hapana dada, mwache. Anafurahi."

Fundi alilala chini ya gari akatoka na grisi hadi masikioni. Tulilipeleka barabarani. Kadi tulikwenda kuihakiki ofisi ya mapato tukiwa na bibi mwenyewe, na hela ilitoka kwangu kwenda kwake huku tunaangaliana. Kasoro lilikuwa nazo. Mlango wa nyuma unafungwa kwa kugongwa, na bibi alitueleza mwenyewe bila kuulizwa.

Gari liko hapo nje. Ndilo lililopeleka mahindi ya akina mama wa kwaya sokoni juzi. Nikilifunga bado narudi kusukuma mlango, lakini siku hizi narudi mara moja tu. Mungu ni mwema!

Mpendwa, inawezekana hapa ndani kuna mtu ana jambo kwenye simu yake. Ni gari, au kiwanja, au kazi ya nje ya nchi, na ameambiwa atume leo, na nyumbani hajamwambia mtu. Mwamini Mungu, halafu uliza! Hakasiriki ukiuliza. Anayekasirika ni yule kijana mwenye kikohozi. Tukitoka hapa nitakuwa kando ya gari, mama atakuwa kiti cha mbele. Njoo na simu yako tuisome pamoja, sitakucheka, nimeshachekwa vya kutosha. Ila nitaanza kwa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Amina!