Siku Niliyoinua Pasi

Ndugu zangu, mnisamehe nikishikilia hiki kiti. Hata hapa mbele yenu, Wakenya wenzangu, bado nina woga.

Nilifungiwa miezi saba katika nyumba moja hapa ugenini, mtaa wa Al Thumama, nilikokuja kufanya kazi za ndani. Pasipoti walichukua siku ya kwanza. Madam, mwenye nyumba, akikasirika alinichapa kwa waya wa chaja. Kisimu changu nilikificha ndani ya pakiti ya pedi, maana hapo hakuna mtu angetia mkono. Nikiwasha mashine ya kufua, kelele ikianza, ndipo nawaeleza hali yangu na kusikiliza sauti mlizotuma kwenye grupu letu la simu.

Mlikuwa mnabishana juu yangu, mnakumbuka? Ndugu mmoja, dereva wa teksi, alisema, "Huu ni utumwa! Ijumaa mzee wa hiyo nyumba akienda kuswali tuje watu sita, tuvunje geti." Dada mmoja nesi akamjibu, "Mkigusa mtu wa hiyo nyumba, nyinyi mtarudishwa Kenya na yeye ataitwa mwizi. Twendeni polisi." Dereva akauliza, "Na akiuawa tukiwa kwa foleni ya polisi?"

Nawaambia ukweli, mimi nilikuwa upande wa dereva. Wiki nne mkabishana, nami naogopa kila mlango ukifunguliwa.

Asubuhi moja napiga pasi kanzu, madam akaingia na ule waya. Nikainua pasi. Ilikuwa moto kabisa. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akajifunika uso kwa mikono, vile tu mimi hujifunika. Ndugu zangu, hapo niliogopa mkono wangu kuliko waya wake. Nikaiweka pasi chini. Akakimbia akajifungia chumbani, na funguo za mlango mkubwa zikabaki mezani.

Nilitoka na ndala na kisimu changu tu, bila hata leso. Nilipiga simu, dereva akaja peke yake, mikono mitupu, akampitia nesi, tukaenda polisi. Nilieleza yote, hata ya pasi.

Je, nilitolewa na kuiinua pasi, au na kuiweka chini? Sijui. Nisije nikawadanganya mbele za Mungu.

Nawashukuru wote wawili. Na ninyi wengine, nawaomba kitu kimoja: mkibishana, bishaneni mkiwa njiani.

Kwa sababu juzi nimeambiwa pale kwa madam wameleta dada mwingine wa kazi. Kesho asubuhi narudi polisi kuwaonyesha ile nyumba. Naogopa sana. Naomba mnisindikize.