Risala ya Wafunga Nyaya wa San Telmo kwa Baba wa Ubatizo wa Jengo la Pili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Rogaciano Ilustre, Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, Bwana Meneja Wenceslao Punzalan, ndugu wafanyakazi mliokaa chini ya turubai hili, na ninyi ndugu zetu mliobaki nje ya geti, ambao tunajua mnatusikia kwa sababu spika tumeielekeza kwenu kwa makusudi:

KARIBU

Mheshimiwa, karibu tena San Telmo. Hatusemi karibu kama asemavyo mtu kwa mgeni. Wewe ni mzazi hapa. Miaka minne iliyopita, Padre Anselmo alipolibariki Jengo la Pili, ndiwe uliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo. Kwetu nyumba haihamiwi, wala jipni, gari letu la abiria, haitoki gereji, bila maji ya baraka na wazazi wa ubatizo. Na mzazi wa ubatizo hana likizo. Mtoto akiugua huitwa. Akikosa karo huitwa. Ndiyo maana watu wetu hutania kwamba ukitaka kumjua baba wa ubatizo mwenye watoto wengi, mtazame Desemba: zawadi za Krismasi zinapodaiwa, yeye amejificha chini ya kitanda.

Wewe hukujificha. Umekuja. Kwa hilo tunakushukuru kutoka moyoni, na yote tutakayosema yanatoka ndani ya shukrani hiyo, hata pale yatakapochoma.

Ofisi ilituandikia risala ya ukurasa mmoja, nzuri, yenye neno "fursa" kila mstari. Tunaiheshimu. Tumeiweka mezani, chini ya sahani ya tambi za pansit, isipeperuke.

TULIKOTOKA

Sisi ni wafunga nyaya. Kila gari linalowasha taa, linalopiga honi, linalofuta kioo, lina mishipa ndani, na mishipa hiyo hupangwa kwa mkono. Ubao husimama mbele yetu, umejaa vijiti. Waya hupita kijiti kwa kijiti, kisha tunaufunga kwa utepe. Ni kazi ya vidole na kumbukumbu.

Na kumbukumbu tunayo, Mheshimiwa. Kabla ya Kampuni ya Taludtod, mwajiri wetu, uwanja huu ulikuwa na kiwanda cha glavu. Kilisamehewa kodi yote kwa miaka sita ili kiajiri watu. Kiliajiri kweli, mama zetu walishona humo. Mwaka wa saba, kodi ilipobisha hodi, mwenye kiwanda alitoka kwa mlango wa nyuma na mashine zake. Mgeni rasmi wa wakati ule alikuwa ameahidi kwamba glavu zitatuvusha karne. Mama zetu walivuka karne kwa miguu, wakifua nguo za watu.

Basi lilipokuja jambo la kushusha kodi ya makampuni kutoka asilimia thelathini hadi ishirini na tano, wazee wetu walikunja uso. Sisi tuliwaambia wanyamaze. Tuliwaambia zama zimebadilika. Wewe ulisimama kuitetea sheria ile, ukasema: "Mpunguzieni mwajiri mzigo, naye atampunguzia mfanyakazi njaa." Tulikupigia makofi. Mengine yalitoka mikononi mwetu sisi tunaosoma leo.

MAFANIKIO, MAANA YAPO

Hatukuja kusema uongo kwa kuficha mazuri. Jengo la Pili lilijengwa. Mafundi waashi walikuwa vijana wa hapa, wakalipwa. Mama wauza chakula barabarani waliongeza masufuria. Jenereta jipya lilinunuliwa, na tangu hapo umeme ukikatika hatukai gizani tukisikilizana matumbo. Watu sitini waliajiriwa kuanza kazi katika jengo lile, kwenye mbao za zamani zilizohamishwa kutoka Jengo la Kwanza, huku wakingojea meza mpya na mashine mpya za kukata waya.

Asubuhi hii tumesikia ikisomwa kwamba uwekezaji wa kampuni umeongezeka. Hatubishi hata neno. Jengo ni uwekezaji. Meza ni uwekezaji. Tunachouliza ni uwekezaji huo umelala wapi, na asubuhi unamwamsha nani kwenda kazini.

Kwa kuwa swali hili ni kubwa kuliko elimu yetu, hatutalijibu kwa hesabu. Tutakueleza habari za mtu mmoja unayemfahamu.

MAMA WA UBATIZO

Mheshimiwa, siku ile hukusimama peke yako. Kampuni ilitaka pembeni yako asimame mfanyakazi, picha ipendeze, akachaguliwa Felisa Dimaandal, mfunga nyaya tangu ujana wake. Mlishika mshumaa mmoja. Mvua ilikuwa inanyesha. Padre alirusha maji, watoto wakagombania sarafu zilizotupwa kwa desturi ya baraka, na wewe ukamwinamia Felisa ukamuuliza kwa mzaha, kipaza sauti kikiwa wazi:

"Mama, huyu mtoto wetu atakula nini?"

"Atakula kazi, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Ukacheka nawe, ukasema: "Basi mimi nitahakikisha anashiba."

Felisa alilichukua neno lile kama linavyochukuliwa neno lililosemwa mbele ya padre. Mshumaa ulipozimwa aliubeba nyumbani. Wenzake walimtania kutwa: "Dada Felisa, mwenzio kaenda Manila, kakuachia ulezi peke yako!" Naye akijibu: "Niacheni, baba mtoto anatafuta matumizi."

Baada ya wiki chache alikuja fundi wa meza, akampima. Meza mpya zilitakiwa ziwiane na miili ya watu wa hapa, sisi wafupi, ili migongo isiumie. Felisa alisimama wima, mkono umekunjwa, fundi akaweka alama kwenye ubao mkabala na kiwiko chake. "Meza zote za jengo zitafuata kiwiko chako, mama," akamwambia. Jioni ile Felisa alitembea San Telmo nzima kiwiko mbele, kama mtu aliyevishwa pete.

Miezi ikapita. Meza hazikuja. Likaja ombi: Felisa aende Kambodia, kwenye kiwanda kipya cha kampuni, akawafundishe wasichana wa kule, wakati meli ya meza na mashine zetu ikingojewa. Alikubali. Alipenda kufundisha, na hakuwahi kupanda ndege.

Aliwafundisha kama alivyofundishwa na shangazi yake, kwa wimbo wetu wa rangi, maana nyaya hazishikiki kichwani bila wimbo: *nyekundu na nyeusi ni wazee, watangulie, kijani ni jirani, apite chini, njano ni bibi harusi, mwacheni wa mwisho.* Wasichana waliuimba kwa lugha yetu bila kujua hata neno moja la maana yake, na nyaya zikakaa. Mmoja, Sreymom, mrefu kama muwa, alimpenda Felisa hata akawa anamletea wali wa kunata kila asubuhi.

Sreymom huyu alikuwa akiumwa mgongo. Felisa aliona anavyoinama kazini kama mtu anayetafuta sindano. Akamwambia kwa ishara: simama vizuri, binti, utazeeka. Sreymom akacheka, akamwonyesha: nikisimama vizuri mikono haifiki. Felisa akamsogeza kando, asimame yeye mahali pake, amwonyeshe.

Akakunja mkono. Kiwiko kikatua juu ya ukingo wa meza, sawasawa, kama kikombe juu ya kisahani.

Akaenda meza ya pili. Sawasawa. Ya tatu. Jumba zima la Kambodia lilikuwa limekatwa kwa mkono wake.

Alituambia hakulia. Alisema aliona aibu tu, kama mtu aliyekuta nguo zake zimeanikwa kwa jirani. Kisha akatafuta mbao, wakazisukuma yeye na Sreymom chini ya miguu ya meza ile, ikainuka, mgongo wa binti ukanyooka. Halafu akaendelea kufundisha wimbo hadi muda wake ulipokwisha.

Hatuna ugomvi na Sreymom. Tunasema hili kwa sauti, kwa sababu wapo watakaotaka kutugombanisha naye. Yeye naye amepewa meza ya mtu mwingine.

Felisa aliporudi, wale sitini walikuwa wameshaambiwa kwaheri, Jengo la Pili limefungwa, na nafasi yake yeye imeondolewa. Alilipwa kiinua mgongo chake kwa mujibu wa sheria. Alimfuata Bwana Punzalan ofisini, na Bwana Punzalan, tunakiri, alimpa kiti na hakumdanganya.

"Si mimi, Felisa," alimwambia. "Wenye kampuni walipata nafuu ya kodi, wakatazama ramani. Umeme hapa ghali. Bandari inachelewa. Wanunuzi wa magari wanataka bei ya chini. Pesa ikaenda kule."

"Sasa bwana, si wangekwenda tu hata bila nafuu?"

"Wangekwenda."

"Basi nafuu ilikuwa ya nini?"

Bwana Punzalan aliinuka, akamsindikiza mwenyewe hadi getini. Tunamstahi kwa hatua zile. Wengi wenye cheo chake wangetoa hotuba.

Leo Felisa anauza keki za wali pale getini. Asubuhi hii alivaa gauni lile lile la siku ya baraka, akaja kuingia. Mlinzi wetu Isagani akatazama majina ya waalikwa.

"Dada Felisa, jina lako halimo."

"Mimi si mwalikwa, Isagani. Mimi ni mzazi."

"Mzazi wa nani tena?"

"Wa hilo jengo. Muulize Padre, alinimwagia maji hadi nywele nilizozilipia saluni zikawa kama ufagio."

"Dada, usinitie matatani. Mwenzio nina watoto."

"Na mimi ninaye mmoja. Mmemfungia ndani."

Isagani hakumfungulia. Alimpa kiti chake akae kivulini, yeye akasimama. Tunaomba kiti hicho kisije kumponza.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, tumesikia kwamba mezani pako kuna mswada wa kushusha kodi tena. Utaambiwa, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba kampuni ikiachiwa pesa itaajiri. Sisi tuliokaa ndani ya jambo hili tunaliona hivi: kumpunguzia tajiri kodi ni kama kumrudishia mtu chenji dukani. Ataitumia kule alikokuwa anakwenda. Kama alikuwa anakwenda kununua mashine kwa ajili ya San Telmo, atafika mapema, na sisi tutashukuru. Kama alikuwa anakwenda Kambodia, umemlipia nauli.

Na aliyelipa nauli ni nani? Zahanati yetu haina mkunga wa usiku. Barabara ya bandarini, ile ambayo wenye kampuni wanasema imewachosha, haijatengenezwa, kwa kuwa pesa ya kuitengeneza ndiyo hiyo iliyosamehewa. Tumemsamehe mtu deni, naye akatulaumu kwa umaskini.

Wazee wetu wa glavu hawatucheki. Wangetucheka ingekuwa nafuu.

MAOMBI

Hatuombi kodi ipandishwe kwa hasira. Kampuni si adui. Tukikosana nayo tutakula nini? Tunaomba punguzo lije baada ya kazi, si kazi ingojee punguzo. Anayeajiri hapa, akaweka meza hapa, akamlipa mtu hapa mwaka hadi mwaka, huyo apunguziwe, na sisi tutakuwa wa kwanza kupiga makofi. Anayeahidi tu, aahidi kwa gharama yake mwenyewe.

Lakini hilo ni la Manila, litachukua muda, na sisi tumeshazoea kungoja. La leo ni dogo.

Ratiba ya ofisi inasema baada ya risala hii utakunywa kahawa ghorofani, kisha utaondoka. Jengo la Pili lipo nyuma ya turubai hili, hatua chache. Hakuna kwenye ratiba mahali ulipoandikiwa kuliona. Tunaomba kabla ya kahawa geti lifunguliwe, Felisa Dimaandal aingie, na ninyi wawili mliomshika mtoto mbele ya padre mwende mkamtazame. Hamtakuta kitu cha kutisha. Mtakuta sakafu safi yenye mistari ya njano, iliyochorwa mahali pa miguu ya meza zisizokuja. Simama kati ya mistari, Mheshimiwa, na umwombe mama akunje mkono. Utaona kiwiko chake kinavyokaa hewani. Baada ya hapo kapigie kura mswada wako kama dhamiri yako itakavyokutuma, hatutakufuata.

Ufunguo anao Bwana Punzalan, mfuko wa kushoto. Tangu tuanze kusoma amekuwa akiupapasa, na sisi tunaomjua tunaamini anangoja tu aombwe na mtu asiyeweza kumnyima. Mshumaa Felisa anao pale getini, umebaki nusu.

Kwa desturi yetu mtoto ndiye humwendea baba wa ubatizo, akaushika mkono wake akauweka kwenye paji la uso, apate baraka. Huyu hana miguu ya kukufuata, wala hajui kubisha hodi. Tumembishia hodi sisi.

Mungu akupe safari njema na usingizi usiokatika, wewe na wa nyumbani mwako. Awape kazi walio ndani ya geti, awarudishe walio nje, na amnyooshe mgongo Sreymom popote alipo.

Ni sisi,
Umoja wa Wafunga Nyaya wa San Telmo,
waliomo na walioondolewa.