Shangazi Aliyelipandisha Trekta Kilimani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, fundi mkuu wa karakana ya kituo chetu cha miche anavua ovaroli na kwenda zake nyumbani. Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye vyeti, na yeye mwenyewe akiitwa hilo huchelewa kugeuka. Kituo kizima, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini, humwita Shangazi.

Aliingia hapa akiwa mfagiaji wa karakana. Alifagia polepole mno, macho kwenye injini zilizofunguliwa, mpaka fundi mkuu wa wakati huo akachoka kumkuta ameinama chini ya mashine na ufagio mkononi. "Basi shika spana, tujue moja," akamwambia. Akashika. Ovaroli za enzi hizo zilikatwa kwa vipimo vya wanaume. Ya kwake ilimfanya aonekane kama gunia lililofungwa kamba kiunoni. Mumewe, fundi cherehani, aliipunguza siku hiyohiyo, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuvaa ovaroli akapendeza kama yeye.

Amefufua pampu, jenereta, na hata feni ya chumba cha wahasibu iliyokuwa ikipiga kelele kuliko wahasibu wenyewe. Lakini ukimtaja Shangazi, watu watakusimulia kisa cha trekta dogo. Sisi wa stoo tulikuwepo, na mambo yalikuwa hivi.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Bomba la kwenda vitalu vya juu lilikauka, na miche yote ya kilimani ikabaki kutegemea tangi la maji lililovutwa na trekta hilo. Ghafla trekta likaanza kugoma. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likifika katikati ya kilima, injini inanguruma lakini magurudumu yanalegea, kisha yanasimama kabisa. Siku moja lilirudi kinyumenyume na tangi lake hadi mtaroni. Ni bahati tu hakuna aliyeumia.

Filta ikabadilishwa. Mafuta ya haidroliki, ambayo ndiyo yanayosukuma magurudumu ya trekta la aina hii, yakamwagwa na kuwekwa mapya mpaka kwenye alama. Wapi! Meneja, akiitazama miche inavyonyauka, akakata shauri: dereva analiendesha vibaya, aondolewe. Dereva mwenyewe tunamwita Taratibu, mtu anayepitwa na kuku barabarani. Kumshtaki kwa kukimbiza trekta kulikuwa kichekesho, ila nyumbani kwake hakuna aliyecheka. Tena Taratibu ni shemeji yake Shangazi, amemwoa mdogo wake. Shangazi alipomtetea, minong'ono ikaanza kwamba anambeba ndugu.

Hakubishana na mtu. Alimwendea meneja akamwambia, "Usiniamini mimi. Simama pale juu utazame." Akalifungua tela lenye tangi, akapanda na trekta tupu mwenyewe. Katikati ya kilima likamfia mikononi. Meneja akashika kichwa. Sasa akasema liuzwe chuma chakavu, na hapo Taratibu angebaki bila kazi vilevile.

Shangazi akalishusha, akatulia kitini akiwaza. Kisha akaligeuza, akaanza kulipandisha kinyumenyume. Likapanda! Likapanda mpaka kileleni bila kusita, yeye kageuza shingo, sisi midomo wazi. Akashuka, akalipandisha tena kwa mbele mpaka likagoma, na palepale akafungua kifuniko cha mafuta. Ndani kulikuwa na povu kama maji ya kufulia.

"Pua ikiwa juu linakufa, pua ikiwa chini linapanda," akasema. "Pampu ni nzima. Pua ikipanda, mafuta yanakimbilia nyuma, na huku mbele kuna mahali panavuta hewa."

Mafundi wakafungua sehemu ya chini ya tangi la mafuta, upande wa mbele. Kwenye maungio ya bomba linalonyonya mafuta, pete ya mpira ilikuwa imepasuka. Kwenye tambarare mafuta yaliufunika ufa. Kilimani ufa ulibaki wazi, na pampu ikameza upepo. Pete mpya tulikuwa nayo stoo. Hatukuipeleka kwa kutembea, tulikimbia.

Aliyelipandisha tangi la kwanza lililojaa ni Taratibu mwenyewe, tena polepole hivi kwamba mara mbili tulidhani limegoma tena. Lilipofika juu, akina mama wa vitalu walipiga vigelegele hadi tukawasikia karakana. Meneja alimpa Taratibu mkono mbele ya watu wote: "Nisamehe, nilikukosea." Mdogo wake Shangazi naye alikuja mbio, akamkumbatia dada yake bila kujali grisi. Miche ile leo ni msitu.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui: muda wote huo Shangazi hakuwa na leseni ya barabarani. Magari aliyatengeneza, akayajaribu ndani ya uzio, akawakabidhi wengine. Mwezi uliopita alifanya mtihani wa udereva pamoja na mjukuu wake, wakapita wote wawili, ingawa inasemekana mjukuu alipata alama za chini kidogo. Safari ya kwanza imeshapangwa, kwenda kumwona kaka yake anayeishi mbali, na usukani hampi mtu.

Shangazi, asante kwa mikono yako. Tunakuombea afya, barabara nzuri na siku nyingi za furaha, na mzee wako akae kiti cha pembeni bila kukufundisha kuendesha.