Tata Philippe Tshilombo na Misonobari ya Maternite

Tata Philippe Tshilombo alizaliwa Musumba, Kapanga, tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa Tata Ngeleka na Mama Marlène, wakulima wa mihogo. Alisoma shule ya msingi ya misheni kwao, na mwaka 1970 alipelekwa Kolwezi kwa mjomba wake, akajifunza kuchomelea vyuma.

Alianza kazi katika karakana ya mgodi mwaka 1975, akastaafu mwaka 2012 akiwa mkuu wa karakana. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi. Hata siku ya kuchinja kuku nyumbani alivaa viatu vilivyong'arishwa, na watoto walimcheka chini chini. Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na Mama Micheline, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2016 mtaa ulichoka na vumbi. Kila kiangazi upepo ulilitoa kwenye lundo la mabaki ya mgodi ukalipeleka moja kwa moja mpaka maternite, hospitali ya wazazi ya mtaa, na wauguzi waliwafunika watoto wachanga kwa vitenge mpaka puani. Mtaa ukapanda misonobari upande ule, safu mbili, iwe ukuta wa kuzuia upepo. Tata Philippe aliomba mwenyewe kuitunza. Kisha bomba la karibu likakauka, maji yakawa ya kuteka bondeni. Mkuu wa karakana aliona haya kusukuma baiskeli yenye bidoni za maji mbele ya watu aliowahi kuwaamuru. Kila siku alijiambia ataenda kesho. Miche ikageuka rangi ya kutu, ikafa yote.

Komite ya mtaa ilipokuja kumuuliza, alijibu, “Ni mbuzi za Mama Charlotte.”

Mama Charlotte alikuwa jirani yake, mjane. Alisema mbele ya wote, “Tata, mbuzi zangu zinashindaka ku kamba. Unazionaka kila siku.”

Tata Philippe alitazama viatu vyake. Komite ikaamuru mbuzi waondoke mtaani, na mama huyo akawapeleka kwa kaka yake huko Kisenge. Wawili walikufa ndani ya lori.

Mama Micheline alimuuliza mumewe, “Ni mbuzi ya namna gani inaacha majani yote ku muti?” Tangu hapo Tata Philippe alipita njia ya nyuma kwenda misa, na hakupokea komunyo. Alipopita karibu na maternite akasikia watoto wakikohoa, aliongeza mwendo.

Mwezi wa Novemba, baada ya misa, aliomba kusema. “Haikukuwa mbuzi. Miti ilikufa na kiu. Ni mi njo nilidanganya.”

Vijana kadhaa walicheka. Mama Charlotte alisimama akasema, “Nimesikia. Lakini mbuzi zangu haziko.” Akatoka.

Mvua zilipokolea alipanda upya. Aliweka magunia upande wa upepo, akatandaza majani makavu kwenye mashina, akapalilia kwa mkono. Kiangazi kilipofika alisukuma baiskeli ya bidoni saa ile watu wanaenda sokoni, akamsalimu kila mmoja, mwingine akamwitikia, mwingine hapana. Leo miti hiyo imepita paa, na wauguzi wanafungua madirisha. Aliposifiwa alikuwa akisema, “Musinisifu. Ile ya kwanza niliiua.”

Mwaka 2023 alianza kuugua mapafu. Wiki zake za mwisho hospitalini Mama Charlotte alikuja, akakaa kando ya kitanda, akamshikia kikombe anywe. Tata Philippe alimwomba msamaha tena. Mama akamwambia, “Ingali inaniuma, tata. Lakini nimekuja.” Tata Philippe aliagiza habari hii isomwe leo mazishini bila kupunguzwa, kwa sababu jina la Mama Charlotte aliliharibu mbele ya watu, na alitaka lisafishwe mbele ya watu. Familia imeona uzito kuisoma, lakini imetii. Alifariki hapa Kolwezi tarehe 18 Juni 2025, alfajiri, mkewe akiwa naye.

Ameacha mjane, Mama Micheline. Watoto Gael, Huguette, Mignonne na François. Dada yake Glodie. Na wajukuu tisa, wanne kati yao walizaliwa katika maternite ile.

Mungu ampokee pamoja na haya yake, ampe pumziko la amani.