Ua la Mwezi wa Mutanu

Asubuhi hiyo kahawa ya tangawizi ilikuwa imeshaiva dukani kwa Mursal pale sokoni Tulia, na benchi la nje lilikuwa na wenyewe. Alikuwepo Kyule, mwalimu mstaafu, aitwaye Profesa. Alikuwepo Mwau, aliyepakia malori Mtito Andei mpaka mgongo ukakataa, naye huitwa Tanboi, yaani utingo, hadi leo. Na alikuwepo Mulei, ambaye tangu afiwe na mkewe Mutanu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtania. Mulei alikuwa na jambo la kuwauliza. Binti yake Nzisa angekuja Jumamosi kutoka Nairobi kupanda ua kwenye kaburi la mama yake, na alitaka liwe ua la mwezi aliozaliwa mama. Mwezi wenyewe, baba ndiye aseme.

— Kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, alisema Mulei.

— Hata changu! Mwau alicheka. Hata cha huyu Profesa. Kwani mama zetu wote walijifungua siku moja?

— Ulikuwa ukimwambia karani ulizaliwa wakati wa njaa, yeye anaandika Januari, maneno yaishe, alisema Mursal akimimina.

Profesa alikohoa kidogo.

— Basi ni kanesheni. Ndiyo ua la Januari, na maana yake ni mapenzi ya mama. Haya mambo ni ya Warumi, bwana. Halafu Waingereza wa zamani wakawa wanaongea kwa maua. Ukiletewa kanesheni ya njano, jua umekataliwa. Ndio wahenga wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa hapo nani ameinama? Mwau aliuliza.

— Aliyekataliwa!

Mulei hakucheka.

— Mama mkwe alikuwa anasema Mutanu alizaliwa kumbikumbi wakiruka.

— Ni Novemba hiyo! Profesa alijipiga paja kwa kiganja. Krisanthemu. Maana yake maisha marefu.

— Maisha marefu gani, na tumeshamzika? Halafu hata Aprili kumbikumbi wanaruka, alisema Mwau. Na mimi nawaambia, hao Warumi walipita Mtito Andei. Wakaona huku kila mti uko na mwezi wake wa kutoa maua, wakaenda kwao kuandika ati ni yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Warumi walipita na nini, na barabara haikuwa? aliuliza Mursal.

— Na ndovu!

— Hata hivyo mmekosea, alisema Profesa. Ua halihesabiwi siku ya kuzaliwa. Linahesabiwa siku baba alipomwona mama mara ya kwanza.

Hapo Mulei aliwaacha wabishane. Alimkumbuka Mutanu akichota maji kwenye kisima cha mchanga mtoni, akicheka peke yake, wala hakujua kuna kijana juu ya ukingo anamwangalia. Enzi hizo mtoto wa mvua aliitwa Wambua, wa usiku Mutuku, na hapakuwa na haja ya kuuliza mwezi. Mutanu alipewa jina la furaha, na furaha ilimfaa.

Ndipo Rahmo, mke wa Mursal, akatoka ndani. Alikuwa amerudi jana tu kutoka Garissa alikokuwa akimuuguza mama yake, na mazishi yalimpita. Alisimama mbele ya Mulei, mkono kifuani.

— Pole sana, baba Nzisa. Mimi huyo mama ndiye alinifundisha kupanda maua.

— Asante, mama.

— Na yale yake ya kwenye mikebe, pale mlangoni? Aliyokuwa anapea maji ya kuosha vyombo? Siku hizi nani anayapea maji?

Profesa alitazama barabara. Mwau alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. Mulei alikuwa akipita kando ya ile mikebe kila siku, na tangu mazishi hakuwa ameitupia jicho. Kiangazi nacho kilikuwa kimekaza. Jumamosi Nzisa angefika na ua lake kutoka Nairobi, na kabla ya kaburi angeuona ule mlango.

Aliweka kikombe chini, akainuka.

— Rahmo, yanapewa maji asubuhi ama jioni?

— Jioni, baba Nzisa. Lakini leo usingoje jioni.